Karatasi Niliyoitoa Kwenye Faili la Mama

Nani alimletea? Kwa mwaka mmoja na miezi miwili swali hilo ndilo lililoninyima usingizi, na karibu kila nililolifanya katika muda huo, hata yale niliyodhani ni wema, lilitokana nalo.

Lilianzia kwenye benchi la wodi, mjini Embu, asubuhi ambayo Mama aliruhusiwa kurudi nyumbani. Muuguzi alinikabidhi faili akaniambia nisilipoteze. Huku kwetu mgonjwa ndiye anayetembea na historia yake mkononi. Ukifika kliniki nyingine bila karatasi, wewe ni mtu mpya. Nikakaa nikalisoma, maana mimi husoma kila kitu, hata maandishi madogo ya nyuma ya pakiti ya unga. Ukurasa wa mwisho ulisema kwa Kiingereza kwamba ubongo wa Mama ulikuwa umevimba kwa sababu ya virusi vya herpes. Nililiandika neno hilo kwenye simu. Picha zilizotokea nilizifunga haraka kama mtu aliyefungua mlango wa choo akakuta kuna mtu ndani. Chini ya picha nilikuwa nimeona maneno matatu, na hapo nikaacha kusoma: magonjwa ya zinaa.

Nilikuwa na digrii ya takwimu. Kwa miaka minne chuoni kule Nchiru nilifundishwa kwamba mtu hatoi hukumu kwa data kiduchu. Nilitoa hukumu. Baba alikuwa dereva wa trekta kwenye shamba la ngano Timau, na nyumbani kwetu Kibugu alikuja mwisho wa mwezi kwa siku mbili. Mama alikuwa mama wa kanisa, anayesimama mlangoni Jumapili kuwaonyesha watu viti na kuwakazia macho wanaochelewa. Katika hesabu yangu mshukiwa alikuwa mmoja tu. Niliuchomoa ule ukurasa, nikaukunja mara nne, nikautia kwenye bahasha yenye cheti changu cha digrii, ambayo nilitembea nayo siku hizo nikitafuta kazi. Faili likabaki na kurasa za dripu na vipimo vya joto.

Ugonjwa wenyewe ulikuwa umeanza kwa harufu. Jumanne moja Mama aliingia jikoni akauliza ni nini kinachoungua. Hakukuwa na moto. Akainua sufuria, akachungulia chini ya meza, akatoka akazunguka nyumba. "Kuna kitambaa kinaungua," alisema. Mimi, msomi wa nyumba, nilimwelewesha kwamba kiwanda cha majani chai kinachoma kuni mbichi na upepo umegeuka. Nilimwonyesha mpaka moshi wenyewe, kule ng'ambo ya bonde. Jumatano alikuwa na homa na kichwa kilimgonga, na bado alinusa kitambaa. Nikampa dawa ya maumivu. Alhamisi alimwita kuku jina la mjomba wangu, tukacheka wote wawili, yeye kuliko mimi. Ijumaa alianguka katikati ya mistari ya chai, kikapu mgongoni, pembe ya mdomo ikichezacheza kwanza, halafu mwili mzima.

Pale hospitalini walimdunga sindano mgongoni wakatoa maji ya uti wa mgongo, wakamwekea dripu ya dawa kila baada ya saa nane kwa wiki tatu. Alipoamka vizuri alituambia asante kwa sauti ya mgeni aliyepewa kiti.

Tulipofika nyumbani majirani walikuja na uji wa wimbi na ndizi za kupika. Swali lilikuwa lile lile kwa kila aliyeingia: alikuwa na nini? Baba alifungua mdomo. Nikamtangulia.

"Malaria," nilisema. "Ilimpanda kichwani."

"Woi, hiyo ni mbaya," alisema mwenyekiti wa kikundi cha Mama, mwanamke mnene mwenye sauti ya kuita watu kutoka mlima mwingine. "Lakini malaria huisha. Atakula, atapata nguvu, atarudi kwenye zamu."

Baba alinitazama, akaufunga mdomo wake, akaangalia viatu. Nilikuwa nimemtupia chambo. Kunyamaza kwake nilikuchukua kama sahihi chini ya hati ya kukiri.

Zamu ile ndiyo maisha ya wanawake wa upande wetu. Wako tisa. Leo wanachuma chai ya huyu, kesho ya yule, wakienda pamoja kwa mstari, na hakuna anayeachwa na majani yaliyokomaa shambani. Kila mmoja ana kikapu, aproni ya plastiki ya kuzuia umande, na ufito mrefu ulionyooka. Ufito unaulaza juu ya mimea. Kinachochomoza juu ya ufito ndicho unachochuma, majani mawili na chipukizi, na kilicho chini unakiacha. Mama alikuwa maarufu kwa ufito wake. Walisema shamba alilolipitia lingeweza kuandaliwa chakula juu yake kama meza.

Baada ya miezi miwili nilimtuma mboga ya managu ya chakula cha jioni. Managu yanaota kando ya viazi, hatua ishirini kutoka mlangoni. Alirudi na beseni limejaa, akitabasamu. Yalikuwa majani ya viazi. Alikuwa ameng'oa mistari miwili mizima, viazi vichanga vikiwa bado vinaning'inia kwenye mizizi kama shanga.

"Mama, haya ni managu?"

"Si ndiyo uliyonituma?"

Nilidhani ni macho. Nilimtoa nje nikamsimamisha mbele ya ng'ombe wetu, ambaye Mama mwenyewe alimkamua kwa miaka sita.

"Hii ni nini?"

Alimtazama kwa muda. Ng'ombe naye alimtazama. "Ni kile kitu," alisema. "Kinakula. Ni kikubwa."

"Kinaitwaje?"

"Usinisumbue, kwani wewe hukijui?"

Nilimwonyesha kuku, mti wa parachichi, mgomba, paka. Kitu. Kitu. Kile cha kijani. Kale kadogo. Kisha, bila kujua kwa nini, nikamwinulia panga lililokuwa limeegemea ukuta.

"Panga," alisema papo hapo. "La baba yako. Mpini ulivunjika akaweka mwingine. Liweke chini utajikata."

Jembe alilijua. Redio, ufunguo, spana, mtungi, ufito, vyote alivitaja kama anaita watoto wake. Vitu visivyo na uhai vilikuwa vimebaki kichwani mwake vimepangwa rafuni, na kila chenye uhai kilikuwa kimefagiliwa. Niliketi juu ya kisiki nikiwa bado na panga mkononi. Nilikuwa nimejiandaa kwa mama mgonjwa, na hata kwa mama wa kuzikwa. Hakuna aliyenitayarisha kwa mkulima asiyeijua mimea.

Mengine yalikuja moja moja. Yaliyotokea asubuhi aliyasahau kabla ya chakula cha mchana. Maziwa yaliungua jikoni akiwa amesimama karibu nayo. Yule aliyenusa moto usiokuwepo sasa hakunusa uliokuwepo. Alianguka kifafa mara moja kwa mwezi, wakati mwingine mbili. Na ukali wake uliyeyuka. Jumapili moja alimshika mchungaji mkono mlangoni akamwambia, "Leo umesema sana, hata wewe mwenyewe ulichoka." Watu walicheka. Mama yangu wa zamani angezimia kwa aibu. Huyu aliuliza kama kuna chai.

Kwenye kliniki ya kifafa mjini daktari, mwanamke wa rika la dada mkubwa, aliuliza karatasi ya kutoka wodini. Nilimwambia ilipotea. Aliandika alama kubwa ya kuuliza, akatuandikia dawa, akasema tutaangalia. Kila tuliporudi aliuliza, na kila mara nikasema tunaitafuta. Bahasha ilikuwa kwenye mkoba wangu, juu ya magoti yangu. Nilijiambia kwamba ninamlinda Mama. Ikitoka ile karatasi, kila mtu atauliza swali langu, na jibu litamfika Mama akiwa hana hata kumbukumbu ya kujitetea.

Mwenyekiti alikuja kumchukua Mama arudi kwenye zamu, na nilishukuru, kwa sababu siku za zamu ndizo pekee alizokuwa na furaha. Mikono ilikuwa haijasahau. Lakini alichuma chochote kilichochomoza juu ya ufito. Akiwa katikati ya shamba ilikuwa chai. Akifika pembeni ilikuwa majani ya ua, uzio wa shamba, na magugu yaliyotambaa juu ya chai, na yote yaliingia kikapuni kwa heshima ile ile.

Kwa majuma mengi wenzake waliyachambua kimya kimya. Alhamisi moja hawakuyawahi. Kwenye kituo cha kununulia majani, ambako nilikuwa nimekwenda kumpokea Mama, karani alimwaga kikapu cha Mama juu ya gunia, akapekua, akainua tawi la ua lenye maua ya manjano.

"Hii ni chai ya wapi? Ya harusi?"

Watu wa vikundi vingine waliangua kicheko. Karani akasukuma gunia zima kando kwa mguu, majani ya kikundi kizima, kwa sababu yalikuwa yameshachanganywa.

"Mimi sijui siku hizi kuna nini," alisema mwanamke mmoja wa kikundi, akiufungua mkanda wa kikapu kwa hasira. "Tunabembelezana mwaka mzima. Malaria gani hii isiyoisha?"

"Malaria ya kuchoka kazi," alisema mwingine. "Mtoto ana digrii nyumbani, kwa nini achume vizuri?"

"Au ni ile ya chupa," alisema wa tatu, kwa sauti ndogo isiyokuwa ndogo vya kutosha.

Mama alikuwa anacheka nao. Aliona watu wanacheka, akacheka.

Mwenyekiti hakucheka. Alinivuta kando ya ukuta wa mabati. "Kairitu," aliniambia, hivyo ndivyo wanavyoniita wote, msichana, hata nikiwa na digrii, "mimi nampenda mama yako. Tulibatizwa siku moja. Lakini Alhamisi ijayo tutakaa tuamue kama anatoka kwenye zamu. Mtu aliyepona na anaharibu kwa makusudi siwezi kumtetea. Kama kuna kitu sikijui, nipe nikijue."

Nilimwambia hakuna.

Niliona nyumba yetu bila zamu. Chai ingekomaa ikawa msitu, lakini si hilo lililonipiga. Nilimwona Mama asubuhi amevaa aproni, ameshika ufito, amesimama langoni akingoja wanawake nane ambao wangepita kwa njia nyingine. Angengoja kila siku, kwa sababu kila siku angesahau kwamba walimwacha jana.

Ijumaa nilikwenda kliniki peke yangu. Nilikuwa nimeamua kuuliza swali langu kwa mtu asiyenijua sana. Niliitoa karatasi nikaiweka mezani, imeshakuwa laini kwenye mikunjo kama kitambaa.

Daktari aliisoma mara mbili. "Hii ilikuwa wapi?"

"Nyumbani."

"Uliniambia ilipotea."

"Ilikuwa imepotea nyumbani."

Aliniangalia juu ya miwani. "Umesomea nini wewe?"

"Takwimu."

"Basi ndiyo maana."

Nikamuuliza: kati ya mume na mke, ni nani aliyemletea mwenzake? Aliuelekeza mwisho wa kalamu kwenye mdomo wangu.

"Hicho kidonda kimetoka lini?"

Niliugusa mdomo. Kilikuwa pale, pembeni, kimeanza kukauka. "Jumanne. Ni homa tu ya mdomo. Hunitoka nikiwa na mtihani, au wasiwasi."

"Yaani kila wiki."

"Karibu."

"Si homa. Ni herpes. Soma hapa, wameandika namba moja. Ni hiyo hiyo."

Nilitazama karatasi. Ilikuwa kweli, namba moja ya Kirumi, kijistari kimoja kilichosimama, ambacho mimi msoma-vyote nilikuwa nimekichukulia kama alama ya kalamu.

Alinieleza polepole, kama mtu anayemshusha mwingine ngazi. Virusi hivi vya mdomoni watu wengi huvipata wakiwa watoto, kwa kubusiwa na shosho, na shangazi, na yeyote anayependa watoto. Vinalala kwenye mishipa ya fahamu maisha yote. Kwa wengi havifanyi lolote. Kwa wengine vinatoa kidonda kama changu. Kwa mtu mmoja mmoja, mara chache sana, vinafika kwenye ubongo. Kwa nini huyu na si yule, hakuna anayejua. Hakuna aliyemletea mwenzake kitu.

"Basi mimi ndiye niliyemwambukiza," nilisema.

"Ngai! Hebu sikiliza. Huenda alikuwa navyo kabla hujazaliwa. Huenda ni yeye aliyekupa wewe, akikubusu. Acha kutafuta mtu."

Kisha akaniambia lililobaki, na nilitamani angeendelea kunikemea. Eneo lililoumia, la upande wa kichwa juu ya sikio, ndilo linalotunza majina ya vitu na matukio ya jana. Ndiyo sababu ya ng'ombe na viazi, na si ajabu kabisa kwamba panga lilibaki. Angeiona karatasi mapema, angechagua dawa nyingine ya kifafa na angemtuma mapema kwa wataalamu wa kuwafundisha upya watu wa aina hii. Miezi ya mwanzo ndiyo iliyo na faida kubwa. Bado kuna la kufanya, alisema, kwa kurudiarudia, kwa njia ile ile kila siku, lakini nisitarajie Mama yule wa zamani.

"Na anaochuma nao wanajua cha kufanya akianguka?"

"Wanajua ni malaria."

"Nani aliwaambia?"

Niliikunja karatasi. Yeye aliyaandika mapitio yake yote upya bila kuniuliza tena, na hilo lilikuwa baya kuliko kuulizwa.

Baba alikuja Jumamosi. Nilimkuta nyuma ya zizi anakatakata majani ya ng'ombe juu ya gogo. Baba huniita maitu, mama yangu, kwa sababu nina jina la mama yake. Kwa sababu hiyo hajawahi kunipigia kelele maishani. Nilisimama upande wa pili wa gogo nikamwambia yote: karatasi, bahasha, daktari. Nikafika pagumu.

"Baba, nilidhani ni wewe."

"Mimi nimefanya nini?"

"Nilidhani uliutoa Timau. Ukamletea."

Panga lilibaki hewani, kisha akalikita kwenye gogo. Nilingoja anikasirikie. Ningeweza kuvumilia hasira. Nilikuwa nimeifanyia mazoezi.

"Maitu," alisema, "mimi nilidhani ni yeye."

Nilisikia maneno lakini hayakuingia. Alikaa juu ya majani aliyoyakata.

"Daktari wa wodi alilitaja lile neno akipita kitandani. Mimi nalijua. Kule shambani vijana wanataniana nalo. Nikajisemea, mwanamke huyu nimemwacha peke yake miaka kumi na mitano, nikiwa naye siku mbili tu kwa mwezi. Nikasema, kama kuna kosa, ni langu mimi niliyemwacha. Uliposema malaria nilijua unajua. Nikashukuru unamficha mama yako."

"Na ukaendelea kuja kila mwezi?"

"Ningeenda wapi?"

Mwaka mzima, kila alipokuja, alikuwa akimwosha miguu mke aliyeamini alimsaliti. Alimletea sweta la Timau, zito, la rangi aliyoipenda zamani. Mimi nilikuwa nikilitazama lile sweta na kusema moyoni, ona mwenye hatia anavyolipa. Wote wawili tulikuwa tumemlinda Mama dhidi ya kitu ambacho hakikuwahi kuwepo, na ulinzi wetu ndio uliokuwa umemuumiza.

Mama alichungulia kutoka mlango wa jikoni. "Mnanong'ona nini huko? Trekta imeharibika?"

"Imetengenezwa," Baba alimjibu, akajifuta uso kwa mkono wa shati.

Nilimwambia nataka kulisema neno lile mbele ya kikundi. Alitikisa kichwa. "Watasikia lile neno peke yake. Hayo ya kulala kwenye mishipa hawatayasikia. Wewe una digrii, utaondoka. Yeye ataishi hapa nalo."

Alikuwa na haki ya kuogopa, na mimi nilichukua woga wake nikauongeza kwenye wangu. Kuanzia Jumapili mpaka Jumatano niliandika hotuba tatu. Ya kwanza ilisema "ugonjwa wa ubongo" bila jina. Ya pili ilikuwa na jina lakini ikaanza na maelezo ya kurasa mbili ili likifika wawe wamechoka. Ya tatu ilimwachia mwenyekiti aseme. Nilizisoma zote nikagundua kwamba kila moja ni ile ile malaria, imevalishwa nguo nyingine. Asubuhi ya Alhamisi niliziwashia moto wa uji. Nilichukua karatasi peke yake.

Walikuwa wameketi kituoni kwenye kingo za saruji, vikapu miguuni, lori likiwa halijafika. Mama alikaa katikati yao na ufito wake, anafurahia kikao. Baba alikuwa ameomba ruhusa kazini akabaki, naye alikuwa amekuja. Hakuingia, alisimama nje ya nguzo ya mwisho, kofia mkononi.

"Haya, kairitu," alisema mwenyekiti. "Umesema una kitu."

Niliifunua karatasi nikausoma ule mstari kwa Kiingereza, halafu kwa Kiswahili, halafu kwa Kiembu, na herpes nikaiacha ilivyo katika lugha zote tatu.

Yule aliyetaja chupa akauliza, "Ile ya malaya?"

"Hii," nilisema, nikaushika mdomo wangu pale palipobaki gamba. "Hii hapa ndiyo. Ninayo mimi. Na wewe nilikuona nayo wakati wa baridi, na ukasema ni homa."

Mkono wake ulipanda mdomoni. Mwanamke wa pili akasema taratibu, "Yangu hutoka mama mkwe akija," na mtu akakohoa kicheko. Mwenyekiti hakucheka. Alinyoosha mkono akaitaka karatasi, akaitazama kwa muda mrefu, akaweka ukucha chini ya neno.

"Na malaria?"

"Niliwadanganya. Ni mimi. Baba hakusema."

Niliwaambia kuhusu ng'ombe na panga. Kwamba ufito anaujua na chai haijui, kwa hiyo asiwekwe kamwe pembeni karibu na ua, awekwe katikati, na mtu kila upande. Kwamba hatapona kama mtu anavyopona malaria.

"Mwaka mzima," alisema mwenyekiti. "Nilimsema vibaya kwa Mungu mwaka mzima, na wewe unanitazama." Akavuta pumzi. "Na akianguka tena? Sisi tulikuwa tunampa kijiko cha kuuma."

"Msimtie chochote mdomoni. Mvueni kikapu. Mgeuzeni upande."

"Upande gani? Namna gani? Usituelezee kama redio. Tuonyeshe."

Kwa mara ya kwanza katika maisha yangu sikufikiri. Nilivaa kikapu cha Mama, nikajilaza kwenye saruji, kwenye vumbi la chai na matone ya umande, mbele ya wanawake tisa, karani na baba yangu. Wawili walinivua mkanda. Mwenyekiti alinishika bega na nyonga, akanigeuza kama gunia, akaukunja mkono wangu chini ya shavu.

"Hivi?"

"Hivyo."

Niliona viatu vya Mama vya plastiki vikija. Alichuchumaa, akavua aproni yake, akaikunja akaiweka chini ya kichwa changu. Aliniangalia kwa ule uso wake wa zamani wa mlangoni mwa kanisa.

"Amekuwa nini huyu?" aliwauliza. Akaniinamia. "Ni malaria?"

"Hapana, Mama," nilimwambia kutoka pale chini. "Ni herpes. Na wewe pia unayo."